Gari la Dizeli na Safari Tusizokwenda

Mume wangu alitaka gari la petroli. Naanza na hilo kwa sababu siku ya msiba watu walikaa uani kwetu wakimsifu kwamba alikuwa mtu wa kuona mbali, hata gari alichagua la dizeli, la kudumu. Niliwasikia nikiwa ndani na wanawake wenzangu, nikanyamaza. Gari lile nililichagua mimi.

Alikuwa bwana mifugo. Kwa zaidi ya miaka thelathini alizunguka vijiji vya Nzega na Igunga kwa pikipiki ya serikali, akichanja ng'ombe, akihasi madume, akilala kwenye nyumba za wafugaji na kula walichokula. Alipostaafu tulihamia kwenye nyumba yetu ya Ntalikwa, pembeni mwa mji wa Tabora, ambako tulikuwa na shamba la mahindi na karanga. Mimi nilibakiwa na miaka kadhaa ya kufundisha hisabati sekondari mjini. Kiinua mgongo chake kilipotoka tukakubaliana kununua gari. Halikuwa gari la starehe. Wafugaji walikuwa bado wanampigia simu, hasa wa Choma, wakitaka dawa za kuogeshea na dawa za minyoo, kwa kuwa walimwamini yeye kuliko wauzaji wa mnadani. Tulipanga kila wiki apakie dawa, aende Nzega, aingie Igunga mpaka Choma, alale huko, arudi kesho yake.

Magari tuliyaona kwa mfanyabiashara mmoja mjini, Mhindi aliyezaliwa Tabora hiihii, mzee aliyekuwa anafunga duka lake la vifaa vya ujenzi ili awafuate watoto wake Dar es Salaam. Alikuwa anauza mawili, lake na la mdogo wake. Yalifanana kama mapacha: umbo moja, weupe mmoja, hata vitambaa vya viti vilikuwa vya rangi moja. Tofauti ilikuwa chini ya boneti. Moja lilikuwa la petroli na jingine la dizeli, na la dizeli lilizidi bei kwa kiasi ambacho kingetosha kuchimba kisima pale nyumbani na chenji ikabaki.

"Mbona hili limepanda hivyo, mzee wangu?" mume wangu aliuliza.

"Dizeli hiyo," yule mzee alijibu. "Linakula kidogo, mzigo halijali. Lakini linataka safari. Mdogo wangu alikuwa anakwenda nalo Mwanza kila wiki. Mimi na hili la petroli ni dukani na msikitini, msikitini na nyumbani. Kila gari na mtu wake."

Tulimshukuru, tukarudi nyumbani kufikiri. Jioni ile, tukiwa tumekaa kibarazani, mume wangu alisema, "Tuchukue la petroli, mwalimu." Ndivyo alivyoniita tangu tuoane, mwalimu. "Hela inayobaki tuchimbe kisima. Nilime mboga kidogo."

"Na Choma?"

"Choma nitakwenda nikiweza."

Neno hilo, nikiweza, lilipita masikioni mwangu kama upepo. Nilidhani ni uvivu wa mtu aliyestaafu juzi. Niliingia ndani nikachukua karatasi na kalamu.

Nataka nieleze hesabu yenyewe, maana nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Nilipima kilomita za kwenda Choma na kurudi. Nikaandika lita ambazo kila gari lingekunywa kwa safari hiyo, kwa maneno ya yule mzee na ya madereva wawili niliowauliza. Nikaweka bei ya petroli na ya dizeli kama zilivyokuwa pampuni mwezi ule. Nikaongeza kwamba dizeli inataka oili nyingi zaidi na vichujio vya bei zaidi, kwa hiyo faida ya kila safari nikaipunguza. Sikudanganya popote. Kisha nikachukua ile tofauti ya bei ya magari nikaigawanya kwa faida ya safari moja, nikapata idadi ya safari zinazotakiwa ili tofauti irudi. Jibu lilikuwa miaka minne na miezi michache. Baada ya hapo kila safari ni faida tupu, na injini ya dizeli inaishi muda mrefu.

Nilimpa karatasi. Aliisogeza kwenye mwanga, akaisoma polepole kama alivyozoea kusoma maelezo ya dawa.

"Umeandika safari hamsini kwa mwaka," alisema.

"Mwaka una wiki hamsini na mbili. Mbili nimekuachia za kupumzika."

Alicheka. Nami nikacheka. "Sasa mwalimu, safari zote hizi mwendaji ni mimi?"

"Kwani kuna mwingine?"

Alikunja karatasi mara mbili akanirudishia. "Haya. Wewe ndiye unayejua hesabu."

Miguuni alikuwa amevaa kandambili. Viatu alikuwa ameviacha wiki kadhaa, akisema vinambana. Niliona vifundo vyake vimejaa, nikasema moyoni ni joto la mwezi wa kumi, na kukaa bila kazi.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri, siwezi kuikana. Likizo moja nilifuatana naye. Tulitoka asubuhi, lami ikiwa haina watu, gari likiunguruma kwa sauti nzito ambayo niliipenda kwa sababu nilijua kila kilomita inaturudishia kitu. Choma wafugaji walikuwa wameshakusanyika. Mama mmoja wa makamo alinishika mikono miwili, akanisalimu "mwangaluka," kisha akageukia Kiswahili ili nimwelewe vizuri.

"Daktari wetu sasa hanyeshewi tena," alisema. "Tulikuwa tunamwonea huruma kwenye ile pikipiki."

Mume wangu alikuwa zizini, mikono ya shati imekunjwa, akimshika ndama taya na kumwangalia ulimi. Alikuwa anaongea Kisukuma, anawachekesha wazee. Nilimwona kijana. Ndivyo nilivyojihalalishia hesabu yangu. Niliona kwamba nimempa maisha ya pili.

Mvua zilipokolea akaanza kuruka wiki. Mara anasema njia ya vumbi imeharibika, mara anasema dawa hazijafika. Gari likalala chini ya mwembe likifunikwa na majani, na kila niliporudi shuleni nikaliona pale nilipata hasira ndogo, hasira ya mtu anayeona chakula kinaharibika.

Jumatatu moja alikunywa chai nusu kikombe akakiweka chini. "Leo sijisikii vizuri," alisema. "Nitakwenda wiki ijayo."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita," nilimwambia. "Gari likilala hivi halitarudisha kitu. Tungechukua lile la petroli basi."

Alinitazama. Aliinuka, akapakia maboksi yake, akaondoka.

Saa nne nilikuwa darasani simu ikatetemeka mezani. Nilitoka nje nikapokea.

"Nimesimama Nzega," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mbali ingawa mtandao ulikuwa mzuri. "Nimetapika. Siwezi kuendesha. Mguu sijui kama unakanyaga breki au haukanyagi."

Dereva mmoja wa malori aliyekuwa akinywa chai pale njia panda alikubali kumrudisha Tabora na gari letu, akaliacha lori lake saa zote hizo. Mungu amlipe, sikupata hata kumshukuru vizuri. Hospitalini walipima damu na mkojo, na kesho yake daktari alituketisha wote wawili akatueleza kwa upole kwamba presha imekuwa ikizila figo zake kwa miaka mingi, na sasa zimebaki kidogo sana. Angehitaji kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Mume wangu aliuliza swali moja tu.

"Mpaka lini?"

Daktari alisema, "Mzee wangu, ni maisha."

Leseni nilikuwa nayo lakini sikuwa dereva. Nilijifunza upya katika siku chache, kwa woga. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilimtoa Ntalikwa alfajiri, nikamfikisha hospitali, nikaenda shule, nikarudi kumchukua mchana, nikampeleka nyumbani. Mwendo wa polepole, matuta, bodaboda, kusimama na kuondoka. Injini haikupata hata joto sawasawa kabla sijaizima. Hizo ndizo zilizokuwa safari zetu zote. Choma haikuwepo, Nzega haikuwepo. Gari la safari ndefu tulikuwa tumeligeuza machela.

Mwezi wa tatu wa mtindo huo taa ya rangi ya chungwa ikawaka kwenye dashibodi. Niliipuuza wiki moja. Kisha gari likaanza kuvuta kwa shida, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Nilimpelekea fundi mmoja wa mjini, mtu mzima mwenye heshima, aliyekuwa akilihudumia gari hilo tangu enzi za mwenyewe wa kwanza. Alichomeka kifaa chake, akasoma, akauliza, "Mama, siku hizi mnakwenda nalo wapi?"

"Hospitali na nyumbani."

Alitikisa kichwa. "Hili lina kichujio kwenye bomba la moshi, kinakamata masizi. Ukienda mbali kwa mwendo mzuri, kinapata moto, masizi yanaungua yenyewe. Ukizunguka hapahapa hakipati moto. Kinajaa. Mwishowe gari linasongwa na moshi wake lenyewe."

"Nifanye nini?"

"Lipeleke Nzega urudi. Usisimamesimame. Taa itazima."

Kwa hiyo Jumamosi moja nililipeleka gari Nzega. Hatukuwa na mzigo wala mtu wa kumwona. Ilikuwa safari ya kuunguza masizi. Mume wangu alisema atafuatana nami, nikamwambia atachoka, akasema, "Nimechoka nikiwa nimelala vilevile." Alivaa shati lake la kazi. Nilimwekea mto mgongoni na chupa ndogo ya maji ya kunywa funda mojamoja, kwa sababu alikuwa amewekewa kipimo cha maji kwa siku, na kiu ndiyo iliyokuwa ikimtesa kuliko sindano.

Alikuwa mchangamfu njia nzima. Tulipopita Isikizya alinionyesha mahali alipowahi kulala porini pikipiki ilipomharibikia. Alinikumbusha kwamba hii ni nchi ya watu wa misafara, kwamba babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani na akarudi, akabeba tena.

"Alirudi na kovu begani," alisema, "kama la ng'ombe wa jembe. Mimi nimepewa gari, na Choma imenishinda."

Nilikuwa nakodolea macho ile taa. Mbele kidogo ya Puge ilizima. Gari likawa jepesi ghafla, likavuta kama siku tuliyolinunua, nami nilifurahi, nakiri, nilifurahi kweli.

Tulipofika njia panda ya Nzega nilipunguza mwendo nigeuze. Mume wangu aliweka mkono wake juu ya mkono wangu kwenye usukani. Mkono ulikuwa wa baridi na ngozi imekauka.

"Twende Choma," alisema.

"Choma ni mbali, baba."

"Saa mbili tu. Niwasalimie. Tusikae, niwasalimie tukiwa humuhumu garini."

Nilitazama saa. Nilifikiria mafuta, maana mwezi ule dizeli ilikuwa imepanda ikaipita petroli, jambo ambalo karatasi yangu haikulijua. Nilifikiria madaftari ya wanafunzi niliyokuwa sijasahihisha. Nilifikiria vumbi na kifua chake. Sababu zote zilikuwa za kweli.

"Taa imeshazima," nilimwambia. "Tutakwenda siku nyingine, ukipata nguvu."

"Haya," alisema, akaondoa mkono.

Nikageuza gari. Aliegemea kioo akafumba macho mpaka tunaingia Ntalikwa.

Siku nyingine haikuja. Taa iliwaka tena baada ya wiki chache, lakini safari hii sikuwa na Jumamosi ya kuipa. Alikuwa ameanza kupata homa, mara mshipa wa mkononi wa kusafishia damu unaziba, mara pumzi inapungua usiku na mchana. Gari likazidi kusongwa mpaka siku moja likagoma kabisa kuzidi mwendo wa baiskeli, yeye akiwa kiti cha nyuma. Fundi alisema kichujio ni cha kubadilishwa au kukatwa, na kwamba kulazimisha kwangu kumechosha na turbo iliyo mbele yake, ile inayoipa injini nguvu. Alinitajia gharama kwa sauti ya chini kama anayetoa habari ya msiba.

Nilimpigia binti yetu aliyeko Mwanza. "Uza, mama," alisema. "Kodi bajaji ya kudumu. Baba anahitaji matibabu, hahitaji gari."

Aliyelinunua ni mchimbaji mdogo wa dhahabu wa kule Nzega. Alilipiga teke tairi, akasikiliza injini, akatoa bei ambayo ilikuwa chini hata ya ile bei ya gari la petroli tuliloliacha. Nilikubali bila kubishana. Gari lilikuwa nasi kwa muda usiofika miaka miwili. Kwenye karatasi yangu, wakati huo tulipaswa kuwa bado hatujafika hata nusu ya njia ya kurudisha tofauti.

Niliingia chumbani kumwambia. Alikuwa amelala ubavu, akitazama ukutani.

"Nimeliuza," nilisema.

"Vizuri."

Nilikaa kitandani. Nilikuwa nimekusudia kumwomba radhi, nilikuwa nimepanga maneno tangu mjini. Nilianza, "Wewe ulitaka la petroli..."

Aligeuka kwa shida. "Hesabu yako ilikuwa sahihi, mwalimu," alisema. "Mimi ndiye sikufika."

Afadhali angenitukana. Nimeishi na Waislamu na Wakristo, nimesikia mahubiri ya kila namna kuhusu msamaha, na sijawahi kusikia mtu akieleza jinsi msamaha unavyoweza kumfungia mtu mlango. Angesema kosa ni langu, ningelia, ningemwomba, tungemaliza. Alilichukua yeye, akaondoka nalo.

Alifariki wiki ya tano baada ya hapo, mchana, kwenye mashine, mimi nikiwa darasani nikifundisha kidato cha pili. Dereva wa bajaji ndiye aliyenifuata shuleni.

Wafugaji wa Choma walikuja kumi na moja. Yule mama wa makamo alikuwepo. Walikuja na mbuzi wawili na kilio cha kweli, na mmoja wao aliniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini daktari aliacha kwenda kuwaona. Walikuwa wamesikia anaumwa lakini walisikia pia kwamba gari lilionekana Nzega, na yeye akiwa ndani. Walimsubiri siku ile. Mtu aliwapigia simu kwamba amepita, wakatuma watu barabarani. Nilisema alikuwa amezidiwa, ikabidi turudi. Nilisema hivyo mbele ya jeneza lake.

Sasa ninaishi peke yangu Ntalikwa. Kisima sijachimba. Nanunua maji kwa madumu kama zamani. Shuleni nakwenda kwa bajaji, na nikiwahi kutoka narudi kwa miguu sehemu ya njia, si kwa ajili ya afya, ni kwa ajili ya kuchelewa kufika nyumbani.

Muhula uliopita mwalimu mwenzangu wa fizikia, mtu mwenye familia changa, alinifuata ofisini na simu yake. Alikuwa ameona magari mawili, anataka kuanza kupeleka mchele Kahama.

"Mwalimu, wewe mtu wa hesabu," alisema. "La dizeli limezidi bei sana. Litanilipa kweli?"

Nilimwuliza kilomita ngapi kwa wiki, mzigo kiasi gani, bei za mwezi huu. Nilichukua karatasi ya mtihani iliyoandikwa upande mmoja nikamwandikia kwa mpangilio, hatua kwa hatua. Jibu lilitoka zuri, miaka mitatu na nusu. Alifurahi, akanishukuru, akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Nilitaka kumwuliza kama analala vizuri, kama amepima presha, kama yeye mwenyewe anataka kwenda Kahama kila wiki au kuna mtu nyumbani anayemtaka aende. Maneno yalikuwa mdomoni. Alikuwa ameshafika mlangoni, ananishukuru tena, na kengele ya kipindi ikagongwa, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakaanza kuingia darasani. Nilibaki nimeketi. Kiranja alikuja kuniita mara mbili, na mara ya pili nilimwambia wasome wenyewe.